Nani Kasema? Mazungumzo ya Ujiji juu ya kubeba maneno ya wenzetu

Haya ni maneno niliyozungumza jioni moja hapa Ujiji, katika wiki ya Siku ya Kiswahili, mbele ya walimu, wazazi na vijana. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba niyaandike. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma kwenye mikeka: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye!

Naanza na swali. Tangu mlipoamka leo, mmesema maneno mangapi ambayo si yenu? Hebu hesabuni. "Mama kasema ulete ndoo." "Fundi anasema kesho." "Daktari kaniambia nirudi Jumatatu." "Eti nauli ya boti imepanda." Mnaona? Kutwa nzima tunatembea tumebeba maneno ya watu wengine mdomoni. Sasa, tunayabebaje? Na je, tunayabeba kama walivyoyabeba babu zetu? Ndilo jambo lililonileta mbele yenu jioni hii.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, mitaa hii hii. Bibi alikuwa akienda mwaloni asubuhi kununua samaki, na akirudi alikuwa harudi na samaki peke yao. Alirudi na mwalo mzima. Anatua beseni, anakaa kwenye kigoda, anaanza:

"Nikamwambia, mama, hawa migebuka ni wa jana. Akaniambia, wa jana? Nikamwambia, watazame macho. Akaniambia, macho yana nini? Yana ukungu! Ukungu wa nini? Wa kulala! Wamelala wapi? Wamelala kwako!"

Sikilizeni alivyofanya. Ameanza na "nikamwambia, akaniambia, nikamwambia, akaniambia", kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu anapandisha na yule anashusha. Halafu ugomvi ulipokolea, akaitupa michi yote miwili. Hakuna tena "nikamwambia". Zimebaki sauti mbili tu. Ya muuza samaki alikuwa akiitoa puani, shingo ameilaza upande. Ya kwake ilitoka kifuani. Hata mtoto wa miaka mitano alijua nani anasema.

Nilipofika sekondari, nikiwa na kiburi cha kujua kauli halisi na kauli taarifa, nilimuuliza: "Bibi, mbona husemi 'alisema kwamba'?" Akanitazama. "Kwamba ya nini? Mimi nakuletea mtu, sikuletei barua."

Walimu, hapo nataka tukae kidogo. Darasani tunampa mtoto sentensi: Juma alisema, "Nitakuja kesho." Tunamwambia aigeuze iwe kauli taarifa. Vitabu vingine vinamtaka aandike: Juma alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Nauliza, nani hapa Ujiji husema hivyo? Ukikutana na mtu njiani atakwambia: "Juma alisema atakuja." Basi. Kiswahili hakimlazimishi mtu kuirudisha nyuma "atakuja" kwa sababu tu "alisema" imeshapita. Huo ni utaratibu wa Kiingereza uliopenya kwenye mazoezi yetu. Chenye utata pale ni "kesho", kwa sababu kesho ya Juma inaweza kuwa jana yangu. Mfundisheni mtoto kuiangalia "kesho". Kitenzi mwachieni kama alivyokikuta kwa mama yake.

Sasa hilo neno "kwamba" lenyewe. Nani anajua limetoka wapi?

Limetoka kwenye kitenzi. Kuamba ni kusema. Mswahili wa kale alikuwa akiamba, na katika tenzi za zamani utakuta "akamba", yaani akasema. Leo hakuna atakayesimama sokoni akapaza sauti, "Naamba bei ni elfu mbili!" Kitenzi kimetoka midomoni mwetu, lakini mifupa yake imetapakaa nyumba nzima. Ukisema "kaniambia", ndani yake limo "amba". Ukisema "ambaye", limo. Ukisema "kana kwamba", limo. Na ukisema "alisema kwamba", kwa asili yake umesema "alisema kusema". Neno zima la kutenda limesuguliwa na ndimi za watu, kizazi baada ya kizazi, mpaka likabaki kijiti cha kuunganishia sentensi.

Msidhani jambo hilo limekwisha. Nyinyi mnaofanya biashara na ndugu zetu wa Kongo mnalo masikioni. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, "asema" hukaa mahali ambapo sisi tungeweka "kwamba". Kitenzi kingine, lakini ni kile kile cha kusema, nacho kinatembea njia ile ile aliyopita mwenzake. Na "kunena" je? Kunaondoka taratibu, tunakusikia kanisani, "akanena na Musa", halafu tukitoka mlangoni tunasema tu. Biblia hiyo ya Muungano, ya 1952, haina alama za kunukuu. Ni "akamwambia", koma, halafu maneno yenyewe. Msomaji anaibadilisha sauti mwenyewe, kama bibi yangu na migebuka yake.

Lakini neno ninalotaka mlichukue hadi nyumbani ni dogo kuliko yote. Eti.

Eti na ati ni damu moja na maneno ya majirani zetu. Mrundi akimnukuu mtu mmoja husema "ati", akiwanukuu wengi husema "bati", na maneno yaliyozagaa huyatanguliza kwa "ngo". Sisi tumebaki na eti moja, nayo inafanya kazi nyingi mno. Mtoto anakimbia: "Baba, eti mama anakuita." Hapo hakuna shaka yoyote, mama anaita kweli. Mtu mzima anasema: "Eti mgonjwa!" Hapo ameshahukumu. Mwingine anauliza: "Eti, ni kweli?" Hapo hajui. Neno moja, lakini mdomo wa mtoto na sikio la mtu mzima hawaliwekei uzito mmoja. Nililijua hilo kwa maumivu.

Nilikuwa darasa la nne. Rafiki yangu Hamisi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Asubuhi moja mama yake aliniita uani: "Mwambie mwalimu Hamisi ana homa, usiku kucha hajalala." Nikaenda. Mwalimu akaita majina. Hamisi? Kimya. Nikasimama: "Mwalimu, eti anaumwa."

Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Eti, eh?" Akaandika kitu kwenye daftari.

Siku ya nne Hamisi akaja, midomo imekauka kwa malaria, kaptula inamvuka. Akachapwa viboko vinne kwa utoro. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele yake, nikavisikia vyote.

Ndugu zangu, mimi sikusema uongo. Nilipeleka ujumbe. Nilisema eti kama watoto wote wanavyosema eti. Mwalimu akasikia eti ya watu wazima, akasikia kwamba hata rafiki yake haamini. Jioni nilipomsimulia bibi, alinishika mkono hadi kwa mama Hamisi. Akanisimamisha mbele yake, akaniamuru niseme nilichosema darasani, neno kwa neno, kwa sauti ile ile niliyoitumia. Nilirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliiruka ile eti.

Tangu siku hiyo sijawahi kuidharau namna ya kutanguliza maneno ya mtu.

Sasa twendeni hapo jirani, penye miembe na lile jiwe la kumbukumbu. Watoto wote wa Ujiji wamepelekwa pale. Mnajua maneno yaliyosemwa katika mji huu yaliyozunguka dunia kuliko mengine yote? "Daktari Livingstone, nadhani?" Ni 1871. Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, ametoka pwani na msafara wake, amepitia Tabora, anamtafuta Livingstone. Anamkuta hapa, anavua kofia, anatamka salamu hiyo. Magazeti yaliichapa 1872, na hadi leo, mtu asiyejua Kigoma iko upande gani wa Afrika anaijua salamu hiyo.

Lakini tuulize kama watu wazima. Nani kasema kwamba ilisemwa? Stanley mwenyewe. Shajara yake ya safari ipo, ila kurasa za siku ile zimechanwa. Na Livingstone? Naye aliandika habari za siku hiyo, na salamu hiyo haimo. Hata tarehe hawapatani: Stanley anaweka 10 Novemba, daftari la Livingstone linaweka Oktoba, maana mzee wa watu alikuwa mgonjwa na amepoteza hesabu ya siku.

Je, Livingstone hakunukuu maneno ya mtu yeyote? Alinukuu! Na hapa ndipo moyo wangu unapogota kila nikiisoma habari hii. Alinukuu maneno ya Susi. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kule Msumbiji, aliyekuwa akimtumikia. Livingstone ameandika kwamba Susi alikuja mbio kwa nguvu zake zote, akahema: "Mwingereza! Namwona!" Kisha akageuka akatimka kwenda kumlaki. Stanley naye anamkumbuka Susi, lakini kwa maneno mengine kabisa: sauti katikati ya umati, upande wake wa kulia, inamwamkia asubuhi njema kwa Kiingereza.

Tazameni basi. Ni mkutano mmoja. Huyu amebeba salamu yake mwenyewe. Yule, aliyekuwa karibu kuishiwa hata vitu vya kununulia chakula, amebeba kelele za aliyemletea habari ya wokovu wake. Kila mmoja alibeba kilichomchoma. Na yale ya Susi, Livingstone ameyaandika kwa Kiingereza. Je, kinywani mwa Susi lilitoka neno Mwingereza, au lilitoka neno Mzungu? Aliyekuwa mbele ya msafara alikuwa na bendera ya Marekani! Walimu wa historia, mnapowapeleka watoto pale kwenye jiwe, wafundisheni na maneno ya Susi. Ya Stanley watayapata popote.

Haya. Nigeukie mikeka ya nyuma. Vijana, mmenisubiri.

Binti wa dada yangu alikuja likizo kutoka chuoni. Tumekaa barazani, na shangazi yake yupo, binti anasimulia alivyokwenda ofisi moja kufuata cheti:

"Mi nikafika dirishani. Yule dada akanitazama hivi. Nikawa kama, samahani, nimekuja kuchukua cheti. Akawa kama, mh! Mi nikabaki, he! Anakwambia mtandao uko chini, na yeye anaangalia video!"

Shangazi yake hakuweza kuvumilia. "Akawa kama ni nini? Alisema au hakusema?"

Swali zuri. Na jibu lake ni kwamba hakusema. "Mh" si maneno. Ni sura, ni pua, ni bega lililopandishwa. Utaliwekaje kwenye "alisema kwamba"? Alisema kwamba mh? Haiwezekani. Binti anaposema "akawa kama", haapi kwamba maneno yalikuwa hayo. Anasema: hali yake ilikuwa hii, na kama ingetamkwa ingetamkwa hivi. Na "nikabaki, he!" ni mawazo ya moyoni ambayo hakuyatamka kabisa. Kwangu mimi huo ni uangalifu. Na mnakumbuka bibi na migebuka? Sauti ya puani, shingo upande? Bibi alikuwa anafanya jambo lile lile kwa mwili. Huyu binti amelitafutia na neno.

Wapo watakaosema ni kasumba ya Kiingereza. Ni kweli vijana wa Marekani wana "she was like", na mtaalamu mmoja wa huko, Ronald Butters, aliandika juu yake mwaka 1982, likiwa bado jambo jipya. Wazazi wa huko walilalamika pia. Waliona ni upuuzi wa wasichana utakaopita. Haukupita. Wasichana wale leo ni mama wa watu na bado wanasimulia hivyo hivyo. Lakini Wajerumani nao wana lao, "und ich so", yaani na mimi hivi. Waswidi wana kijineno "ba", kilichokatwa kutoka neno lenye maana ya "tu". Kila lugha imechimba kwenye shamba lake. Kwa hiyo, shangazi, usimkemee mtoto. Kiswahili kilikuwa na akamba, kikaja na akanena, kikaja na akasema, na sasa kuna akawa kama. Mtihani wa kidato ni mahali pengine, pale aandike anavyotakiwa.

Linaloniuma mimi si hilo. Niseme linaloniuma?

Kwanza, kwa ufupi, magazeti. Zamani kichwa cha habari kiliandika "asema". Siku hizi mtu hasemi tena: anafunguka, anatoboa, anawasha moto. Mtu ameulizwa swali la kawaida, amejibu kistaarabu, kesho anasoma kwamba "amefunguka", kana kwamba alikuwa amefungia siri kabatini. Msomaji ameshaambiwa namna ya kuyasikia maneno kabla hajayasikia. Ni ile eti yangu ya darasa la nne, imevaa suti.

La pili ndilo kubwa. "Inasemekana." "Inadaiwa." "Unaambiwa." Unaambiwa na nani?

Mwaka juzi, msimu wa upepo, mjomba wangu alipanda boti Kibirizi kwenda Kalya. Saa nane mchana simu zikaanza kulia: "Boti ya Kalya imezama." Dakika kumi, mtaa mzima umeshajua. Wanawake wameingia ndani kwa mke wake wakilia. Watu wameanza kutandika mikeka, na kuna aliyekwenda kuulizia turubai. Saa mbili usiku mjomba akapiga simu, yuko Kalya, anauliza mbona namba za watu wake hazipatikani.

Sikulala. Asubuhi nilianza kufuata uzi. Wewe, nani kakwambia? Nimetumiwa na fulani. Wewe fulani? Mimi nimesikia kwa fulani. Nilitembea kwa watu watano. Wa tano ni kijana wa kubeba mizigo pale Kibirizi, kijana mwenye adabu kabisa. Akasema, "Mimi sikusema imezama. Niliona mawimbi, nikamwambia mwenzangu, hii boti isije ikazama."

Isije ikazama! Ilikuwa hofu. Ilikuwa karibu na dua. Kwa mtu wa pili ikawa "inaweza kuzama". Kwa wa tatu "wanasema inazama". Kwa wa nne "imezama". Hakuna aliyetunga uongo hata mmoja, nimewahoji wote. Kila mmoja alibadilisha herufi chache za kitenzi, na jina la aliyesema likadondoka njiani. Lingebaki lile jina, lingebaki "kijana wa mizigo anasema", mke wa mjomba angeuliza swali moja tu: yeye kajuaje?

Nyinyi mliosoma madrasa hapa Ujiji mnaijua dawa ya ugonjwa huu. Mnaijua isnadi. Mwalimu hakusomei hadithi ya Mtume hivi hivi. Anaanza: amepokea fulani kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipita miji mingi akizipima hadithi kwa watu waliozibeba: huyu alikutana kweli na yule? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzima? Jina moja likikosekana katikati, hadithi inashuka daraja.

Na sisi tuna nini? Tuna WhatsApp. Tangu 2018 ujumbe uliosambazwa unawekewa alama, na tangu Aprili 2020 ule uliopita mikononi mwa wengi huwezi kuupeleka ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Ni msaada. Lakini alama ile inakwambia tu kwamba maneno yamebebwa, haikwambii na nani. Hata voisi, ambayo imeleta sauti yenyewe ya mtu, na mapigo yake ya moyo unayasikia, inafika bila jina, bila siku, bila mahali. Bibi angeshangaa: mtu mzima kaletwa, na hakuna anayemjua!

Vijana, semeni akawa kama. Semeni nikabaki. Semeni hata yale ambayo bado hamjayabuni. Ninalowaomba, kabla ya kubonyeza kutuma, ni jina la aliyesema. Na kama huna jina, mfuateni aliyekutumia, mumuulize.

Namalizia na safari ya treni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi alikuwa na mdogo wake Tabora, hawakuonana miaka mingi, walikosana juu ya msiba wa mama yao. Siku moja akaniita, akanipa nauli na maneno. Akayasema, akanifanya niyarudie mpaka akaridhika. Nikafika Tabora, nikaoneshwa nyumba. Mzee amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia. Sikusema "bibi anasema kwamba". Nilikaa chini, nikalaza shingo, nikaitoa sauti kifuani kama bibi yangu: "Mwajuma, bado unakasirika ukila?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Hakunitazama mimi. Alitazama hapa, usawa wa mdomo wangu, akamjibu dada yake. Alisema mengi, mengine makali, mengine ya kulia. Alipomaliza akafuta uso kwa upande wa kanga, ndipo akaniona. Akaniuliza, "Umeyashika?"

Nikamwambia, "Nimeyashika, bibi."

"Yote?"

"Yote."

Nilirudi na treni ya usiku. Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza, kila kituo nilikuwa nikiyarudia kwa sauti ya chini, na yale makali pia, hadi abiria wa mbele yangu akaniuliza naongea na nani.

Ahsanteni sana.